Ushindi wa Florida Ulivyotukimbiza Porini

Leo nimeaibika, ndugu zangu, tena mbele ya wakwe. Ngoja nianzie jana, maana mimi nisipoeleza jambo kutoka mwanzo sipumui vizuri.

Jana walifika wageni kutoka Kaniama: Baba Kasongo, baba wa mchumba wa dada yangu Numbi, pamoja na ndugu zake na mbuzi wa mahari. Vita vilikuwa vimefunga njia, na Numbi alisubiri mpaka tukaona aibu kumuuliza. Leo asubuhi mbuzi wangekabidhiwa, kisha Numbi aende kwa mumewe. Ilikuwa siku yake.

Sasa kuna hili jambo la Amerika. Kwa siku kadhaa nimekuwa nikifuata redioni fainali ya besiboli, Florida na Cleveland. (Sijawahi kuiona. Padri mmoja alinifundisha kwa mchi na machungwa.) Ni rahisi, msiogope: mmoja anatupa mpira, mpinzani anaupiga kwa rungu, halafu anazunguka vituo vinne. Akirudi alipoanzia, ni bao. Wa kwanza kushinda mechi nne ndiye bingwa. Walikuwa tatu kwa tatu! Mechi ya mwisho ikaishia leo, kwetu asubuhi na mapema.

Nilijibanza katika jiko la nje, redio sikioni. Cleveland wanaongoza. Wamebakiza kidogo tu. Florida wakasawazisha! Zamu za kawaida zikaisha, wakaongezewa nyingine. Mtu wa Florida akapiga, mwenzake akakimbia, akafika alipoanzia!

Nikaruka. Nikapiga yowe. Mguu wangu ukaangusha sufuria kubwa kwenye saruji.

Vita vimepita hapa kwetu Kamina mwaka huu, lakini masikio yetu bado hayajapata habari kwamba vimekwisha. Yowe la asubuhi, na mshindo juu yake! Mama akatoka na godoro kichwani. Baba Kasongo akatoka amejifunga kikwembe, yaani kitenge, cha Mama. Na kwa kuwa vita vimetufundisha kutomwachia askari mbuzi aliyefungwa, akakata kamba zote. Mahari ikatokomea kwenye mihogo. Majirani wakafuata. Nami nilipoona watu wanakimbia, nikakimbia! (Ndiyo. Nilijikimbia mwenyewe.)

Tukalala kifudifudi porini. Kimya. Baba Kasongo akanong'ona, "Nani aliwaona basoda?"

Tukageuziana macho: askari hakuna aliyewaona. Na katika kimya hicho, kifuani pangu, Amerika nzima ikashangilia. Nilikuwa nimekimbia na redio.

Numbi alinitazama tu.

"Iko nini hiyo?" akauliza Baba Kasongo.

Nikaeleza. Kwa upole, tangu rungu mpaka zamu za nyongeza.

"Na weye uko na ndugu kule Florida?"

"Hapana, Baba."

"Hata rafiki?"

"Hapana."

"Basi umenilaza minyi, muzee, juu ya miiba, sababu ya bantu hata haubajue?"

Hapo ningepaswa kunyamaza. Badala yake nikamwambia kwamba walishinda kwa bao moja tu. (Nilidhani itamfariji.)

Mbuzi walipatikana kabla ya saa sita, isipokuwa beberu mkubwa. Ndoa haikuvunjika, namshukuru Mungu. Ila kwetu kaka ndiye anayemsindikiza dada mpaka kwa mumewe, na Baba Kasongo alikataa katakata.

"Huyu abaki. Atapiga kelele ndani ya treni, bantu bataruka kwa madirisha!"

Wote wakacheka, hata Mama. Numbi hakucheka. Alipanda treni na binamu yetu, nami nikabaki stesheni nikipungia mkono behewa ambalo kumbe hakuwemo.

Basi, mtu asiyekujua akishinda, ng'ata blanketi. Na msinicheke leo, nawaomba. Subirini nifike Kaniama kumwomba Numbi msamaha. Yeye ndiye anayestahili kucheka wa kwanza.