Pazia la Giza na Uso wa Mama Mkwe

Kibabii, Bungoma
Tarehe 9 Juni, 1953

Kwa Bwana Mhariri,

Salamu kwako na kwa wapiga chapa wako. Mimi ni mwalimu mstaafu, na miaka thelathini darasani imenizoeza kueleza jambo polepole hata kwa asiyetaka kusikia. Nina malalamiko juu ya ukurasa wako wa Nyumba Bora, ambapo Bi. Waruguru alitufundisha kuchagua mapazia yanayotia chumba giza.

Nieleze hali kwanza. Mama mkwe wangu, ambaye heshima hainiruhusu kumtaja jina, amekuja kutoka Chwele kutibiwa kidonda cha mguu. Analala nyumba ya jikoni, na mlango wake unatazamana na dirisha la chumba changu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani uso. Amekwisha kusema kwamba siku tutakapoonana atafunga mzigo wake arudi Chwele, kidonda kiwe kimepona au hakijapona. Daktari anataka wiki tatu zaidi. Basi pazia langu si pambo. Ni dawa ya mguu wa mtu.

Malalamiko ni haya:

1. Bi. Waruguru aliandika kwamba kitambaa kizuri ukikiinua juani huwezi kuhesabu vidole vyako nyuma yake. Nilipanda lori la mahindi hadi Kitale, nikasimama mbele ya duka nikihesabu vidole tangu saa tatu hadi saa sita, hata mwenye duka akaniuliza kama nimekuja kununua kitambaa au kununua jua. Nikachagua chekundu, kizito.

2. Chekundu kilificha vidole, hakikuficha mwili. Jua la asubuhi liliingia kwa dirisha la upande wa pili, likachora kivuli changu kwenye pazia nikivaa suruali. Mama alimuuliza mke wangu Sellah kwa nini mwalimu anaruka kwa mguu mmoja. Wazee wa kanisa wakakaa kuamua kama kivuli ni mtu. Watatu walisema ndiyo. Mzee Wekoye akauliza ilikuwa saa ngapi, kwa sababu kivuli cha adhuhuri ni kifupi, na labda na kosa lake ni dogo. Mama akakubali kubaki, kwa kuwa kivuli hakikuwa na macho.

3. Nikanunua kaniki nyeusi, nikaishona mara mbili. Giza lilikuja kweli. Jumapili nilisoma Somo la Kwanza nikiwa nimevaa sweta ya Sellah, na hakuna aliyeniambia mpaka baada ya baraka.

4. Hili ndilo kubwa. Dirisha la kioo likiwa na giza nyuma yake, mtu aliye nje hujiona humo. Sasa mama huja kila asubuhi kusimama hapo afunge kilemba chake. Kati ya pua yake na yangu pana kaniki na kioo, basi. Mimi husimama ndani bila kupumua, nikimsikia akimwambia Sellah kwamba uzee bado haujamwona, na kwamba mkwe wake ana akili kumwekea kioo kikubwa hivyo. Nikizidisha giza, hujiona vizuri zaidi, husogea karibu zaidi. Upepo ukiinua pazia siku moja, mguu hautapona.

Kwa hiyo naomba, kwa adabu, gazeti litangaze pazia lenye giza ndani na lisilo na giza nje. Kama halipatikani, Bi. Waruguru aje Kibabii asimame kati ya pazia na kioo kwa wiki tatu; chakula tutampa. Kama hana nafasi, gazeti liishauri serikali ipige marufuku madirisha katika nyumba za watu waliooa.

Nisalimie Bi. Waruguru, anayebandika stempu, na mama mkwe wako kama unaye, ukiwa umempa mgongo.

Nami ni wako kutoka gizani,
Mwalimu Mukhisa Walubengo

Baada ya sahihi: Sellah ameisoma barua hii akiwa nyuma yangu. Anauliza ubao huu ninaoandikia magotini ni wa nini. Ni kile kifuniko cha mbao cha dirisha lenyewe, nilichokiondoa Januari gazeti lako liliposema kwamba mbao ni ushamba na kioo ni maendeleo. Nimekipima sasa hivi: kinaingia barabara, wala hakionyeshi kidole hata kimoja. Ningekirudisha leo, ila mama ametuma neno kwamba kioo chake kikifunikwa atarudi Chwele kesho. Basi kaniki ibaki. Na tafadhali usiichape barua hii, maana mama husomewa gazeti lako kila Jumamosi.