Kushoto, Upande wa Banda la Supu

Jumatano, 15 Novemba
Miaka sita bila bao! Mke wangu, Mama Mi-so, ametoa hukumu: nisipofunga Jumapili dhidi ya Hwasun, mpira wa alfajiri kwaheri, nikatie chumvi kabichi za kimchi, achari yetu ya majira ya baridi. Kabichi mia mbili! Lakini kosa ni la Kocha Maeng. Ananiweka winga ya kulia eti kwa sababu napigia mguu wa kulia. Mawazo ya kizamani! Nikianzia kushoto nitaingia ndani na kufumua mashuti. Ila huko yupo Tak, muuza nyama, mwenye mguu wa kushoto na majigambo.

Alhamisi, 16
Nimetia kokoto kwenye kiatu cha kulia, ili mguu wa kushoto uzoee kazi. Baada ya mazoezi nikashika vijiti vya chakula kwa mkono wa kushoto, Kocha aone. Tofu ya moto, ile jibini ya soya, ikamwangukia mapajani. Akaniuliza kama nimepata kiharusi. Tak alicheka mpaka akapaliwa. Mshenzi!

Ijumaa, 17
Akili ninayo! Nimemnong'oneza mke wa Tak kwamba kesho usiku baridi itagandisha kabichi zote za shambani kwao. Uongo mtupu. Tak atazivuna zote peke yake, na Jumapili hatajiweza.

Jumamosi, 18
Mke wa Tak kamwambia Mama Mi-so habari za baridi, naye kaamini; zetu pia lazima zivunwe. Nimebeba kabichi tangu asubuhi. Lakini Tak kiuno hoi, hachezi! Changu pia hoi, ila sisemi.

Jumapili, 19
Nimepewa kushoto! Upande wa banda la supu, anakoketi Mama Mi-so. Kipindi cha kwanza nilipoteza mipira kumi na moja. Tak, kiuno kimefungwa mkanda, akapaza sauti: "We Bae, mguu huo umeazima kwa nani?"

Mapumziko, supu. Kisha nikarudi palepale, upande wa banda. Gu, wa akiba aliyepewa kulia, akaja kunisukuma eti nimemkalia nafasi. Nikamfukuza. Dakika ya mwisho mpira ukanijia, nikaufumua kwa mguu wa kulia. Bao! Mama Mi-so akatupa mwiko juu. Nililia mbele za watu, wala sioni haya.

Kocha akanikumbusha kwamba baada ya mapumziko timu hubadilishana magoli. Kipindi chote cha pili nilikuwa winga ya kulia. Tak kasema hata nguruwe wake wa kwenye ndoano anajua kulia kwake.

Jumatatu, 20
Kocha kanipa winga ya kulia msimu mzima. Nikamwambia kushoto au basi. Akasema basi.

Sasa sina timu, na Mama Mi-so kasema, "Baba Mi-so, asiye na timu ana asubuhi nzima." Kanikabidhi gunia la chumvi. Kabichi ya arobaini nimeipiga kwa mguu wa kushoto, mazoezi tu. Imevunja chungu cha kimchi cha marehemu mama mkwe. Shuti lilikuwa safi kabisa. Chungu ndicho kilichowekwa winga isiyo yake.