Sanaa Haigongwi

Ladislaus alikuwa ameegemea pikipiki isiyo yake, akitafuna karanga alizokopa bila nia ya kulipa, alipoona mwanamke akifukuzwa pamoja na chungu kwenye geti la loji mpya ya Mayige, mjini Bariadi.

Hakikuwa chungu cha kawaida. Kilikuwa na mabega, tumbo linalong'aa, na shingo ndefu iliyoinama kama ya mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Mwanamke mwenyewe, Nyanjige wa Mwamapalala, alikuwa akieleza kwa mara ya tatu kwamba hakukileta kwa ajili ya kupikia.

"Mayu, hapa tunafungua loji, hatupiki harusi," alisema Mayige, akimwita mama kwa Kisukuma huku kitambi kikimtangulia. "Ukumbi wangu unataka sanaa. Sanaa! Vyungu peleka mnadani."

"Hiki ni cha kutazama, baba. Kiweke tu ukumbini, uandike jina langu ukutani. Bei tutaelewana."

"Jina la mfinyanzi kwenye ukuta wangu? Kesho akija muuza mchicha, naye nimwandike?"

Geti likafungwa, na moyo wa Ladislaus ukafunguka. Wapo watu waliojaliwa macho ya kuona uzuri, na wapo waliojaliwa macho ya kuona nafasi kati ya uzuri na mnunuzi mjinga. Ladislaus alikuwa wa kundi la pili, na katika wito huo hakuwahi kuchelewa kazini.

Asubuhi iliyofuata alikuwa Mwamapalala.

"Mwangaluka, mayu!"

"Mwangaluka. Umepotea?"

"Nimefika. Vile vyungu vya shingo ndefu, unavyo vingapi?"

Vilikuwa vitatu, vimepangwa kivulini, vimepakwa udongo mwekundu na kusuguliwa kwa kokoto mpaka vinateleza machoni.

"Vimepinda," alisema Ladislaus kwa huzuni ya daktari. "Havikai kwenye mafiga, havibebeki kichwani. Lakini mimi nina huruma. Nitakupa bei ya jogoo mmoja kwa vyote."

"Jogoo mzima?"

"Mwenye manyoya yake yote."

Nyanjige akamtazama kwa makini. "Wewe si yule wa karanga, pale kwa Mayige?"

"Dunia ina karanga nyingi, mayu."

"Haya. Hutavigonga kwanza?"

Huku kwetu hakuna anayenunua chungu bila kukigonga kwa kidole. Kilichochomwa kinalia kama kengele. Kibichi kinaitika *pu*, kama mtu aliyeamshwa usingizini, na ukikitia maji kinarudi kuwa tope. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Ila Ladislaus alikulia stendi, kwenye masufuria.

"Mayu," alisema kwa upole, "sanaa haigongwi."

"Wabeja," alishukuru Nyanjige, naye akamfungia mzigo wake vizuri kwenye magunia ya pamba.

Jumamosi ya uzinduzi, katika joto lile la Bariadi, Ladislaus alitokea na skafu shingoni. Alimwambia Mayige kuwa kazi hizo amezifinyanga kwa mikono yake mwenyewe, baada ya kutafakari miaka tisa. Mayige, aliyefukuza shingo kama hizo siku nne tu zilizopita, alijishika kifua.

"Sasa hii ndiyo sanaa! Ona hiyo shingo!"

"Inauliza swali," alisema Ladislaus.

"Swali gani?"

"Ukilijua, bei inapanda."

Mayige akalipa haraka kabla hajalijua. Fundi akaandika ukutani kwa rangi ya dhahabu: MSANII LADISLAUS. Bahasha ikazama mfuko wa ndani, na msanii akaanza kuutazama mlango kwa mapenzi. Mayige akamdaka mkono. Msanii gani anaondoka kabla ya hotuba?

Mgeni rasmi, Nassib, afisa aliyehamia kutoka Tanga, alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa wakati Mektilda, mama mzazi wa Mayige, aliponyanyuka na ndoo. Chungu kipya hakilali nyumbani kwa mwanawe kabla yeye hajakitia maji aone kama kinavuja. Akavijaza vyote vitatu, akarudi kuketi.

"Kazi hii ni imara," Nassib alihutubia na kuhutubia, "itadumu vizazi na..."

Chungu cha kwanza kikalaza shingo. Cha pili kikakaa chini taratibu, kama mgeni aliyechoka safari. Cha tatu kikatoa sauti isiyotajwa mbele ya wakwe, kikamwaga tope lote kwenye viatu vya mgeni rasmi.

Ladislaus akaruka mbele, mikono juu. "Hapo! Hapo ndipo kazi inapokamilika! Mlidhani mnatazama vyungu, kumbe mnatazama muda!"

Nassib, asiyetaka kuonekana haelewi sanaa, akapiga makofi wa kwanza. Ukumbi ukalipuka. Mayige alilia kwa furaha.

"Rudia! Wageni wa Nyashimo wamechelewa, hawajaona! Finyanga hapa hapa!"

"Shida ni udongo. Wangu ni wa pekee sana..."

"Upo," ilisema sauti mlangoni. Nyanjige aliingia na beseni la udongo kichwani, chungu chake cha siku ile mkononi. "Nimemletea. Karibu, msanii."

Ladislaus akapiga magoti. Akaponda, akavuta, akatoka jasho. Mektilda akaja kukagua.

"Hii ni nini? Chapati?"

"Ni swali, mama."

"Ni chapati." Akamgeuza viganja. "Mikono hii haijafinyanga kitu zaidi ya tonge la ugali."

Nyanjige akamwinamia Ladislaus sikioni. "Bahasha, au niseme?"

"Yote?"

"Na manyoya yake yote."

Bahasha ikahama. Nyanjige akapiga magoti, na mbele ya macho ya watu yakainuka mabega, kisha shingo. Safari hii hakuna aliyekumbuka kupiga makofi. Mektilda akakigonga kile alichokuja nacho Nyanjige. *Ngiii!* Akakitia maji. Kikasimama.

"Mayige, huyu si ndiye uliyemfukuza getini?"

"Mama, siku ile jua lilinipiga machoni."

"Vitatu vilivyochomwa nitakuletea," alisema Nyanjige. "Jina ndilo ninalolitaka leo."

Fundi akarudishwa na brashi. LADISLAUS akafutwa, NYANJIGE akaandikwa, herufi kubwa zaidi.

Msanii mstaafu alikuwa ameshafika getini, tope magotini, Nyanjige alipomwita na kumkabidhi jogoo aliyefungwa miguu, aliyemwacha getini alipoingia. "Mtaji wako, baba. Mimi si mwizi."

Ladislaus akamtazama jogoo kwa muda mrefu. Kisha akamgonga mgongoni, kwa kidole, asikie kwanza.