Yah: Kuondolewa kwa Wenye Shida Mlangoni Pangu

Ofisi ya Huduma kwa Wanafunzi,
Chumba cha mwisho kabla ya stoo,
Ifakara.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima na, kama ratiba inaruhusu, ukiwa umekaa. Mimi ni Evod Valeriani, karani wa ofisi iliyotajwa hapo juu. Najitambulisha kwa sababu tulipokutana kwenye korido hivi karibuni ulinidhania fundi bomba, nami kwa heshima nikaenda kuliangalia bomba. Bado linavuja. Naomba radhi.

Nimesukumwa kuandika na maneno yako ya kikao cha wafanyakazi. Ulisema kwamba ifikapo mwisho wa mwezi, chumba kisicho na kazi kitapewa watu wenye kazi, na karani wake atatafutiwa utaratibu. Hukutaja jina, lakini kikao kizima kiligeuka kunitazama, hata wale waliokuwa wamesinzia. Mkuu, mama yangu kule Masagati alishawatangazia wanajumuiya wenzake kwamba mwanawe ana meza yake mwenyewe, tena yenye droo. Nikirudi kulima mpunga, sijui mama ataieleza vipi habari ya droo.

Kama ofisi yangu haina kazi, kosa si langu. Kazi imechukuliwa. Waliochukua ni wanafunzi wanaojitolea, wanaojiita Wasindikizaji, chini ya uongozi wa Minza wa mwaka wa pili. Wanafunzi hawa wana tabia ya kumchukua mwenzao mwenye shida na kutembea naye kwa miguu hadi kwa mtu anayeweza kumsaidia: zahanati, ustawi wa jamii, msaada wa kisheria, kwa mama fulani mtaa wa Kibaoni. Nilipomwita Minza ajieleze, alisema wao hawatatui kitu, wanasindikiza tu, kwa kuwa wengi wanaijua ofisi ya kwenda ila wanaogopa kuingia mlangoni peke yao. Maelezo hayo niliyaona hayatoshi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Benchi langu limekuwa tupu. Zamani lilijaa tangu asubuhi. Nilikuwa na namna yangu ya kuwahudumia: nilimsikiliza kila mmoja kwa makini, nikatikisa kichwa, nikamwambia aje Jumatatu. Usiidharau Jumatatu, Mkuu. Shida nyingi za vijana hazifiki Jumatatu, na zinazofika zinakuwa zimechoka. Sasa benchi linakaliwa na kuku wa Polikarpo, mlinzi wetu wa getini, na juzi kuku huyo alitaga. Mchana huwa napiga muhuri kwenye karatasi tupu, ili wanaopita nje wasikie ofisi inafanya kazi.

2. Hawafuati ngazi. Mwanafunzi Festo alipata maumivu ya jino. Nilimfungulia jalada, nikamtaka aeleze jino hilo kwa maandishi, nakala kwa mshauri wa wanafunzi, nakala kwa mwalimu wa zamu. Kabla saini hazijakamilika, Minza na mwenzake Beatus walimshika Festo mkono, wakaenda naye zahanati, na jino likang'olewa. Jalada ninalo, lakini jino sina. Naomba mwongozo wa namna ya kufunga jalada ambalo mhusika wake mkuu ametupwa.

3. Kusindikizana hakuna mwisho. Mkuu, wewe unajua malezi ya watu wa huku. Mgeni akikuaga, humwachi aondoke kama mtu aliyefukuzwa. Unamtoa hadi njiani. Sasa tazama kilichotokea. Herieth wa mwaka wa kwanza ana mtoto mchanga, na alikuwa anakosa vipindi. Minza alimpeleka Kibaoni kwa Bi Domitila, mama anayepika samaki, ambaye alikubali kukaa na mtoto saa za masomo. Hadi hapo nilikuwa bado nina nguvu. Lakini walipoaga, Bi Domitila aliwasindikiza mpaka chuoni. Herieth hakuweza kumwacha mtu mzima arudi peke yake, akamrudisha Kibaoni. Minza akaona si vizuri kumwacha Herieth, akaenda nao. Kufika, Bi Domitila akasema hawezi kuwaacha hivihivi. Wakageuka. Walipopita getini kwa mara nyingine Polikarpo alishindwa kuamua waandikwe wanatoka au wanaingia, akaweka kalamu chini akawasindikiza na yeye.

4. Kwa kuwa geti lilibaki bila mtu, ng'ombe waliingia. Hapa inabidi nieleze habari za Sayi. Huyu ni kijana wa wafugaji, na tangu afike bwenini alikuwa hali vizuri wala haongei. Mimi nilimshauri asome kanuni za bweni, hasa ukurasa wa mapumziko. Beatus yeye alimuuliza amekosa nini, akajibu kwamba amekosa ng'ombe. Basi wakamtembeza hadi nje kidogo ya mji, kwenye boma la Mzee Masanja, mfugaji, ambaye hakuuliza hata kitambulisho; alimpa kamba akamwonyesha wa kukamua. Sasa kila Jumamosi Sayi anakamua, na jioni anarudi anacheka peke yake. Ila Mzee Masanja naye ana malezi. Hawezi kumwacha kijana wa watu arudi bila kusindikizwa, na hawezi kuwaacha ng'ombe bila mtu. Kwa hiyo wanamsindikiza wote, mzee na ng'ombe wake. Ile bustani mbele ya ofisi yako yenye kibao cha kukataza kukanyaga majani sasa imebaki na kibao.

5. Wenye shida wanaelekea kwisha. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Kila anayesindikizwa, wiki inayofuata anasindikiza mwingine. Festo, tangu jino litoke, amewapeleka watu zahanati mpaka muuguzi amemwomba apumzike, naye alipokubali kupumzika muuguzi akamsindikiza. Herieth anawapeleka wenzake wenye watoto kwa Bi Domitila. Mwalimu wa hesabu, ambaye zamani tulimwogopa sote, ameonekana akipelekwa kwa kinyozi na Sayi, wakiongea. Wasindikizaji wamekuwa wengi na wa kusindikizwa wamekuwa adimu. Hapa napata hoja yangu, nayo naiweka mbele yako kwa unyenyekevu: chuo kisicho na mwanafunzi mwenye shida hakihitaji ofisi ya huduma, kisichohitaji ofisi ya huduma hakihitaji karani, na kikishaanza kupunguza makarani, Mkuu, kitaishia wapi? Sisemi kwamba kitaishia kwako. Nasema tu kwamba chumba chako ni kikubwa kuliko changu.

6. Baada ya kukosa watu, walinigeukia mimi. Lalamiko hili ni gumu kwangu. Nilikuwa ofisini mchana nakula muhogo wangu wa kuchemsha, mlango umefungwa, kama ninavyofanya tangu niajiriwe. Minza alichungulia dirishani akaniuliza, "Kaka Evod, huwa unakula na nani?" Nilimjibu kwamba swali hilo halihusiani na shughuli za ofisi. Akasema, "Sijakuuliza kiofisi, kaka." Nikaweka muhogo chini, kwa sababu maswali yote niliyowahi kuulizwa katika mji huu yalikuwa ya kiofisi.

Walinipeleka Kibaoni. Nilipinga, lakini nilipinga huku nikitembea. Bi Domitila alinisalimia kwa Kindamba, akaniuliza mimi ni wa kwa nani kule Masagati, kisha akaniwekea wali na perege bila kungoja nimalize kujibu. Sikuwa nimesikia lugha ya nyumbani tangu nilipopanda treni ya kuja huku. Nililia, Mkuu, nikiwa nimevaa kitambulisho cha chuo. Bi Domitila alisema hajawahi kuona samaki akitiwa chumvi namna hiyo. Wote wakacheka, na ninasikitika kuripoti kwamba nami nilicheka. Tangu siku hiyo nakwenda kila mchana. Suruali yangu ya kazini haifungi, na naomba jambo hilo lihesabiwe kama madhara yatokanayo na kikundi hiki.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba kwa heshima: kikundi cha Wasindikizaji kipigwe marufuku mara moja; kama hilo ni zito, basi ofisi yangu itengewe walau mwanafunzi mmoja mwenye shida kila wiki, hata kama shida yenyewe ni ndogo, nami naahidi kuitunza, na ng'ombe wapewe njia ya kuzunguka.

Nakushukuru kwa muda wako. Nisalimie Bi Yunis, katibu muhtasi wako, ambaye hunijibu salamu hata akiwa kwenye simu. Wasalimie walimu wote, wapishi wa bwalo, na fundi bomba halisi atakapopatikana. Nisalimie pia mama wa nyumbani kwako, ambaye tunasikia bado yuko Mlimba kikazi. Wa hapa wote hawajambo. Kuku naye ameatamia.

Ni mimi karani wako, ambaye bado yupo kwenye meza yake,

Evod Valeriani

Tanbihi: Barua hii imechelewa kwa sababu niliogopa mlango wako. Nimefika hapo mara kadhaa, nikausikiliza, nikarudi. Leo Minza amenikuta nimesimama kwenye korido na bahasha, akaniuliza naipeleka wapi, nikamwambia ukweli. Akaisoma yote. Alisema malalamiko ni ya kweli, hasa la ng'ombe, kisha akasema kama naogopa kuingia peke yangu watanisindikiza. Kwa hiyo tuko hapa nje kwa Bi Yunis: mimi, Minza, Beatus, Sayi, Herieth na mtoto. Festo anakuja.

Ombi langu la marufuku naomba usilisome, au ulisome kesho. Kuhusu chumba, wape hawa Wasindikizaji. Ila naomba wapewe pamoja na meza, na meza pamoja na karani. Nimeona upungufu wao mmoja: wote wanapokuwa barabarani wanasindikiza, hakuna anayebaki mlangoni kumwambia mgeni karibu. Neno hilo naliweza. Nimelifanyia mazoezi kwa kuku.

Jambo la mwisho. Bi Yunis hakutaka kulisema, lakini mtoto alikuwa anamchekesha likamtoka. Anasema tangu mama aende Mlimba unakula mkate na soda humo ndani, mlango umefungwa. Hatukuulizi kiofisi, Mkuu. Ni kwamba Bi Domitila ana perege leo, na ameshatenga sahani. Tutakufikisha mlangoni tu. Ukishakula tutakurudisha hadi hapa ofisini, na tutakapokuaga utajisikia kutusindikiza kidogo, mpaka getini. Usijizuie. Mimi pia ilianza hivyo.