Macho ya Manjano kwenye Kiti cha Pili

Jumatatu, 4 Machi

Bi Mkubwa, mwenye saluni, ametangaza kwamba wiki ijayo kiti cha dirishani kitapewa kinyozi mmoja. Mteja akiingia tu, kiti hicho ndicho anachokiona. Tuko vinyozi wawili: mimi, na yule tunayemwita Taulo kwa sababu kila kichwa anakiwekea taulo safi. Kujionyesha! Na kila mteja wembe mpya, wa zamani anautupa kwenye kopo. Mtu asiye na siri hatupi wembe ambao bado unakata. Mimi wangu naufuta kwa spiriti, unahudumia foleni nzima, na jioni namalizia ndevu zangu mwenyewe.

Vita nimevianza kimyakimya. Alipokwenda kula, nilihamisha balbu nyeupe ya kioo chake nikaifunga kwangu. Yeye nikamwekea ile ya manjano ya stoo. Wateja wake watajiona wamechakaa.

Mke wangu, mjamzito, karudi kutoka kliniki. Amepimwa homa ya ini aina ya B, hana. Wanataka na mimi nikapime. Nikamuuliza nani kawaambia kwamba nipo. Akasema tumbo lake. Sikucheka.

Jumanne, 5 Machi

Nimegundua jambo! Nilimtazama Taulo kwenye kioo chake. Macho manjano! Uso manjano! Hata meno! Na mke wangu alisema jana kwamba homa ya ini huweza kugeuza macho kuwa ya manjano. Alisema pia kwamba wengi hawana dalili yoyote, lakini hilo halinihusu.

Nimejilinda. Simpi mkono. Kikombe changu nimekifunga uzi mwekundu. Mlango naufungua kwa kiwiko. Taulo ameniuliza kama nimeumia. Anajifanya hajui.

Jioni nilijikata kidevu nikijinyoa. Damu kidogo tu. Nikaufuta wembe, nikaurudisha kwenye droo.

Alhamisi, 7 Machi

Nilimnong'oneza mteja mmoja tu, dereva wa lori, tena kwa siri: ini la yule wa kiti cha pili limekwisha. Alinishukuru sana. Kufika mchana mtaa mzima unajua. Mpango umefaulu kupita kiasi! Hakuna aliyekwenda kwa Taulo, wala aliyekuja kwangu. Fundi viatu wa jirani anapita upande wa pili wa barabara, ameziba pua.

Bi Mkubwa kawaka. Akauliza nani kaanzisha. Nikasema walimwengu wabaya. Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akapanda stuli, akalalamika kwamba kioo cha Taulo kina giza, akabadilisha balbu. Taulo akageuka. Macho meupe pe! Amepona palepale! Nani anampa dawa, na anamletea saa ngapi?

Ijumaa, 8 Machi

Bi Mkubwa kamleta muuguzi atuelimishe. Mwanamke mfupi, sauti inafika barabarani. Anasema virusi vya homa ya ini ni vya aina mbalimbali. A na E huingia kwa maji na chakula kichafu, ndiyo maana ya kunawa mikono kwa sabuni. B na C hupita kwenye damu. B hupita pia kwa kujamiiana, na mama humwambukiza mtoto wakati wa kuzaa. B ina chanjo. C haina, ila ina dawa ya kuponya. Kupeana mikono hakuambukizi B wala C. Kuchangia kikombe, hapana. Nikauliza: hata cha mtu mwenye macho ya manjano? Akasema hata hicho. Nikauliza katumwa na nani. Bi Mkubwa akaniambia nikae.

Kisha muuguzi akataka kuona nyembe. Taulo akatoa kopo. Mimi nikafungua droo. Muuguzi akaunyanyua wembe wangu kwa koleo kama mjusi aliyekufa. Akasema virusi vya B huweza kukaa hai siku saba nje ya mwili, hata kwenye damu usiyoiona, na kufuta hakutoshi. Akauliza ndevu zangu nanyolea upi. Nikamjibu. Taulo akanitazama kwa huruma. Huyu ana lake jambo.

Uamuzi wa Bi Mkubwa: tukapime wote wawili leo hii, asiyepima hagusi mashine. Safi sana! Damu ya Taulo itasema yenyewe. Nilikubali haraka hivi kwamba mke wangu, niliposimulia, alilia kwa furaha. Kumbe alikuwa hapati usingizi, anamwaza mtoto.

Jumatatu, 11 Machi

Majibu. Nimekwenda kuyachukua na mke wangu. Taulo hana. Alishachanjwa zamani.

Mimi ninavyo virusi. B.

Nilimwambia muuguzi haiwezekani, aangalie macho yangu. Akasema huenda ninavyo miaka mingi, labda tangu utotoni, labda wembe. Ini lichunguzwe, ndipo ijulikane kama nahitaji dawa. Pombe niache. Wengi huishi miaka mingi. Mke achanjwe leo, na mtoto achanjwe mara tu akizaliwa. Mke wangu alikunja mkono wa gauni kabla muuguzi hajamaliza kusema. Nilipoona sindano ile nilishikwa na woga. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya huyo aliye tumboni. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Lakini nimekumbuka. Taulo alikuwa nyuma yangu kwenye foleni! Vichupa vyetu trei moja! Nitarudi kupima kwa jina la shemeji yangu, tuone.

Kiti cha dirishani kapewa Taulo. Amenipa boksi zima la nyembe mpya, bure. Nimezikagua moja moja. Sijaona bado alichozifanyia.

Tukirudi kutoka kliniki, mke wangu alinishika mkono barabarani, mbele za watu. Hajawahi tangu tuoane. Akasema tutakuwa salama, sote watatu. Hakuniachia mpaka mlangoni.

Huyu mwanamke ananificha kitu. Kuanzia kesho namchunguza.