Kasha la Marehemu Mwanasiti

Jumamosi, 4 Oktoba 2025. Birmingham. Mwaka wa sitini na moja nje ya Unguja. Mvua. Mjukuu wangu Raisa anaolewa tarehe kumi na nane. Kauliza tena kasha la marehemu bibi yake, mke wangu Mwanasiti. Tangu mdogo namwambia limehifadhiwa Unguja, nitakwenda kulichukua. Ukweli, sijui hata nyumba tulimoliacha anakaa nani. Nimemwambia limeshapanda meli. Ulimi gani huu!

Jumatatu, 6 Oktoba. Hockley, dukani kwa Vandana, muuza samani za kale. Kasha refu la kahawia, droo mbili chini, kisanduku kidogo ndani ubavuni. Kama letu kabisa! Vandana akasema ni la Pensilvania, Marekani, kazi ya maseremala wa Kijerumani waliohamia huko. Nao humwandalia binti kasha kabla ya ndoa. Pembe zimeumana kwa meno yaliyokatwa kwa mkono, bila msumari. Akanisihi nisiiguse rangi yake. Nikaahidi. Nikalinunua.

Alhamisi, 9 Oktoba. Nimekwangua. Chini ya kahawia, kumbe, maua ya tulipu, mekundu, na jina: Catarina, 1803. Mkono wa fundi haukutetemeka popote. Nilikaa kitako nikalitazama. Naye alikuwa binti wa mtu. Kisha nikamkwangua Catarina pia.

Jumamosi, 11 Oktoba. Misumari ya shaba, safu kwa safu, mtindo wa Unguja. Mbao laini, si msaji. Ubao wa mbele umepasuka. Nimeziba ufa kwa dawa ya viatu.

Jumapili, 19 Oktoba. Arusi jana, Handsworth. Suhail, babu wa bwana harusi, mjuzi wa kila kitu, akainua kifuniko, akavaa miwani, akauliza mbele ya wakwe:

“Bwana Makungu, Catarina, 1803, ndiye nani?”

Ndani ya kifuniko! Sikutazama huko. Nikajibu ni jina la meli iliyolileta. Suhail akasema basi imechelewa kidogo. Watu wakacheka. Raisa hakucheka. Akanivuta pembeni.

“Just tell me, Babu. La Bibi lipo au halipo?”

Nikasema lipo.

Jumatano, 22 Oktoba. Raisa kapiga simu. Anataka twende wote Unguja Desemba, tukalichukue. Nikamwambia asijisumbue, nitakwenda peke yangu, tiketi ninayo. Mchana nilikuwa Hockley. Vandana ana kasha jingine, la Virginia, mti wa jozi, mgumu. Litastahimili misumari. Nimemwambia aniwekee.

Unguja sirudi.