Mashine ya Kuziba Tundu la Ozoni

Jumatatu, 8 Septemba
Kikao cha asubuhi. Mkurugenzi katangaza: kuanzia leo shirika letu halinunui chochote kinachodhuru tabaka la ozoni. Iwe friji, kiyoyozi au mtungi wa kuzimia moto. Eti huko juu angani ozoni inatukinga na jua kali, na gesi za baadhi ya vifaa hivi zinaitoboa. Utamu ukaja mwishoni: Ijumaa atamteua Mkuu wa Ununuzi. Ni mimi au Miwani, mwenzangu wa meza ya mbele. Cheo changu hicho! Tangu harusi mama mkwe anauliza kama mimi ni bosi au natumwa chai tu. Jumapili anakuja. Atamkuta bosi.

Jumanne, 9 Septemba
Miwani kashinda dukani akisoma vibandiko vya friji. Kwa nyuma! Kapiga magoti sakafuni, sketi vumbi tupu, anamhoji muuzaji gesi iliyomo ni ipi. Aliporudi akamwita fundi azibe bomba la kiyoyozi cha zamani linalovuja, badala ya kukiongezea gesi kila mara. Kazi ya punda. Mimi natumia akili. Nimechagua dawa ya kupuliza mbu yenye picha ya jani kwenye kopo. Jani ni jani.

Jumatano, 10 Septemba
Nimepata! Wazo limenijia kwa kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa bado. Miwani anahangaika tundu lisiongezeke. Sasa nani analiziba? Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa ozoni unazibwa kwa nini? Kwa ozoni! Nikaenda duka la vifaa vya usafi, nikakuta mashine ya kuondoa harufu. Muuzaji kaapa kwamba ukiichomeka tu inatengeneza ozoni yenyewe. Nikamkumbatia. Nyumbani mke wangu akauliza hiyo ozoni itafikaje huko juu. Nikamjibu dirisha litakuwa wazi. Akasema haya, baba, akaendelea kukunja nguo. Wivu.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimeiweka ukumbi wa mikutano, chini ya meza, kimyakimya, kabla wafadhili wa shirika hawajaingia kikaoni. Nikaiwasha hadi mwisho. Dirisha nikasahau. Harufu ikatoka kama ya waya unaoungua. Mfadhili mzee kakohoa. Mhasibu kakohoa. Mkurugenzi alianza hotuba kuhusu hewa safi, akaimaliza kwa ishara za mikono. Miwani akaingia mvunguni, akaichomoa mashine, akafungua madirisha yote. Akatueleza, machozi yakimtoka, kwamba ozoni huko juu ni mwavuli, ila huku chini ni pilipili ya mapafu. Na hata tukiitengeneza ndoo kwa ndoo, haipandi kule. Wote wakanigeukia. Nikakohoa na mimi, nihesabiwe kati ya majeruhi.

Tukahamia uani, kwenye kivuli cha jengo. Upepo mwanana. Mfadhili mzee akavua koti, kisha viatu. Akasema miaka yote ya kazi hajakaa kwenye kikao kitamu hivi, tena bila kiyoyozi. Watu wakacheka, hata mhasibu!

Ijumaa, 12 Septemba
Miwani ndiye Mkuu wa Ununuzi. Imeniuma, nisiseme uongo. Nilijificha stoo. Akanifuata na vikombe viwili vya chai, akaniambia bila mashine yangu hakuna ambaye angegundua utamu wa ule uani. Mkurugenzi kaamua vikao vyote vifanyike huko, na kateua Msimamizi wa Vivuli, wa kuhamisha viti jua linapohama. Mimi! Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Miwani kanipiga mgongoni. Ana mkono mzito yule dada.

Jumapili, 14 Septemba
Mama mkwe kafika. Nikamwambia sasa mimi ni Msimamizi. Akauliza nasimamia nini. Nikasema mambo ya jua. Akaniongezea wali bila kuombwa. Haijawahi kutokea! Nilitamani kuruka.

Baadaye mke wangu akasema anaamini nimejifunza kitu. Nimejifunza sana. Miwani mwenyewe alisema: haipandi. Basi kosa langu lilikuwa moja tu, kuiweka chini ya meza. Kesho naulizia bei ya ngazi ndefu. Ya kijani.